Kibarua cha mwaka wa pili

Msimu wa korosho ukishachanganya na malipo ya minada yakaanza kuingia kwa wakulima, nyumbani kwetu Chuno, Mtwara mjini, hapakauki wageni. Watu wameshajua kuna "yule dada aliyesoma Ujerumani", basi wanakuja, mzazi mbele, kijana nyuma na karatasi ya wakala mkononi. Karatasi zenyewe ni zile zile: majengo ya vioo, wasichana wanacheka na mabegi mgongoni, na chini kwa herufi nyekundu, soma huku unafanya kazi, kazi ni uhakika. Mzee mmoja wa Newala alikataa hata chai. Alitaka kujua jambo moja tu. "Mwanangu, huyu akishafika huko, kibarua kitamlipia?"

Nilimwambia mwaka wa kwanza hakimlipii. Mwaka wa pili kinaweza, ila kiwe kimetafutwa tangu mwaka wa kwanza. Akanitazama kama nimempa kitendawili. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine niliyoyaruka kwa sababu alikuwa anawahi gari.

Kwanza muulize wakala ni nchi gani. "Nje" si nchi. India, wanakokwenda vijana wetu wengi, viza ya mwanafunzi hairuhusu ajira. Uingereza mwanafunzi wa shahada ana saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Australia ni saa 48 kwa wiki mbili tangu Julai 2023, na Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo tangu Novemba 2024. Wakala anayekujibu "kote ni sawa tu" mrudishie karatasi yake. TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, husajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje, na kuulizia kama wako yumo hakuhitaji kumjua mtu.

Mimi ninayoijua ni Ujerumani. Niliondoka Oktoba 2023 kwenda Göttingen kusoma uzamili wa kilimo, kozi ya Kiingereza ambayo chuo cha Göttingen kinaiendesha pamoja na cha Kassel. Vyuo vya umma kule kwa sehemu kubwa havitozi karo. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo linalowatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kwingine kwa kawaida unalipa mchango wa muhula, basi. Hapo kwenye "hakuna karo" ndipo wakala anapoishia kusoma.

Hasemi habari ya Sperrkonto. Hiyo ni akaunti maalumu, unaweka fedha ya kuishi mwaka mzima kabla hujapewa viza, kisha inafungwa. Wakati wangu ilikuwa euro 11,208. Tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Kwa shilingi zetu, ile ya kwangu ilikaribia milioni 30, na korosho miaka ile bei ilikuwa inazunguka elfu mbili kwa kilo. Piga hesabu, ni tani 15. Mjomba hana shamba la tani 15.

Na kwetu mambo haya ni ya mjomba. Sisi Wamakonde ukoo unafuata mama, kwa hiyo aliyeitisha kikao Tandahimba ni kaka yake mama, si baba. Baba alikaa pembeni akisikiliza. Zikapatikana za korosho, za kikoba cha mama, akiba yangu ya kazi ya miaka miwili, na mkopo ambao tuliumaliza juzijuzi. Mjomba ndiye aliyeuliza swali ambalo ubalozini hawakunieleza vizuri.

"Fedha hii yote inakwenda kukaa huko?"

"Ndiyo mjomba. Nikifika watakuwa wananipa kidogo kidogo, kila mwezi euro 934."

"Wanakupa fedha yetu wenyewe."

"Yetu wenyewe."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe na wao wana stakabadhi ghalani!"

Tuliokulia kwenye korosho hatukuhitaji maelezo zaidi. Mali ni yako, imo ghalani kwa mtu mwingine, na siku ya kuiona fedha anaipanga yeye. Ila faida yake ndiyo hii: mwaka wa kwanza hulali njaa. Euro 934 inalipa chumba cha hosteli, inalipa bima ya afya ambayo wakati ule ilikuwa zaidi ya euro 120 kwa mwezi (hicho ni kiwango nafuu cha mwanafunzi, ukifika miaka 30 unakipoteza), na inabaki ya kula, kula kwa adabu.

Shida inakuja kibali cha kukaa kinapoisha. Unarudi ofisi ya wageni, na swali lao ni lile lile la ubalozini: mwaka ujao utaishi kwa nini? Hawataki kusikia habari za mjomba. Wanataka karatasi. Ama ujaze tena akaunti, ama uonyeshe mkataba wa kazi, hati za mshahara na salio la benki. Kibarua nilichokuwa nakitafuta mwaka wa kwanza kilikuwa cha kujibu swali hilo. Niliwaona wenzangu, wengine kutoka nchi kubwa kuliko yetu, wanapata kibarua mapema, wananunua simu na tiketi za kwenda Paris, mwezi wa tisa wanaanza kukonda.

Sasa sheria. Wajerumani hawahesabu saa tu, wanahesabu na siku. Nilipofika mwanafunzi wa nje ya Ulaya aliruhusiwa siku 120 kamili kwa mwaka, au nusu siku 240. Tarehe 1 Machi 2024 ikapandishwa kuwa siku 140, au nusu siku 280. Nusu siku ni kazi isiyozidi saa nne. Kijana mzuri wa kuzidisha ataniambia: dada, 280 mara saa nne ni saa 1,120, na kima cha chini mwaka 2026 ni euro 13.90 kwa saa, hiyo ni euro 15,568, inazidi hata ile akaunti! Ni kweli, kwenye karatasi, kabla ya makato. Lakini nani kakwambia utapangiwa saa zote hizo? Na lini utasoma? Halafu kuna mpaka wa pili, wa bima: mihula ikiwa inaendelea, ukivuka saa 20 kwa wiki wanakuona mfanyakazi, si mwanafunzi, na ile bima nafuu inaondoka. Wengi wetu tulikaa kwenye kibarua kidogo wanachokiita Minijob, ambacho mwaka 2024 kilikuwa na ukomo wa euro 538 kwa mwezi na sasa ni 603. Hicho makato yake ni madogo sana.

Kuna jambo moja liliniuma. Mimi ni msusi. Nimesuka watu tangu darasa la tano, na Göttingen wasichana wa Kiafrika walikuwa wanasafiri kwa treni kwenda mji mwingine kusuka kwa fedha ya kutisha. Kumbe kusuka kwa malipo ni kujiajiri, na kibali cha mwanafunzi hakikuruhusu kujiajiri mpaka ofisi ya wageni ikupe idhini. Sikuitafuta idhini. Nikawa nawasuka marafiki jikoni Jumapili, wao wanapika. Nimekula wali wa nchi nyingi kwa njia hiyo.

Lugha. Hapa ndipo naonekana mkali, na sitabadilika. Kozi ilikuwa ya Kiingereza na hakuna aliyenidai Kijerumani. Lakini kabla ya safari nilikwenda kukaa kwa mama mdogo Mbagala, Rangi Tatu, nikasoma ngazi ya kwanza pale Goethe-Institut, Upanga. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na jua lile la Dar. Mama mdogo alikuwa ananihurumia: "Si umesema huko watafundisha kwa Kiingereza?" Darasani watafundisha kwa Kiingereza, mama mdogo. Anayeajiri mtu wa kufagia hajui Kiingereza na hana sababu ya kukijua.

Nilituma maombi kwa intaneti mpaka nikachoka, maana huko unatuma wasifu na barua kwa kila kibarua hata cha kupanga maziwa kwenye rafu. Wengi hawakujibu. Kilichonipa kazi ni tangazo la karatasi kwenye ubao karibu na bwalo la chuo, lenye namba za simu zilizokatwa vipande vipande vya kuchomoa. Hoteli ilikuwa inatafuta watu wa usafi wa vyumba. Sikupiga. Nilikwenda kwa miguu, nimevaa vizuri, nikamkuta msimamizi anahesabu mataulo. Kijerumani changu kilikuwa cha sentensi tano na zote nikazitumia. Akaniuliza kama naweza kuanza Jumamosi saa moja asubuhi. Hilo nililielewa.

Lakini kuanza si kuanza tu. Alitaka namba ya kodi, akaunti ya benki, hati ya bima, na nakala ya kibali palipoandikwa siku ninazoruhusiwa. Kila karatasi imekaa juu ya mgongo wa nyingine. Unaandikisha makazi yako manispaa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, kisha namba ya kodi inakuja yenyewe kwa posta. Kwa posta, si kwa simu. Na jina lako lisipokuwa kwenye sanduku la barua la hosteli, mtu wa posta hamuulizi mlinzi wala jirani, anaondoka na barua yako. Mwenzangu mmoja alikaa wiki nyingi bila namba kwa sababu kwenye sanduku lilikuwa bado jina la aliyehama. Ukianza kazi bila namba hiyo, mwajiri anaweza kukukata kodi ya daraja la juu kabisa. Si kwamba imepotea: mwaka unaofuata unajaza fomu, na kama kipato chako cha mwaka hakikufika kiwango cha kutozwa (mwaka 2024 kilikuwa zaidi ya euro 11,000) wanakurudishia. Ila mwezi ule unakuwa umeshakopa.

Kazi ya vyumba naieleza kwa sababu watu wanaidharau. Unasukuma kitoroli korido nzima. Unafungua dirisha kwanza, hata kama nje barafu, maana harufu ya mgeni ndiyo inaondoka taratibu kuliko uchafu wake. Unavua shuka zote ukizikunjia ndani ili nywele zisimwagike. Shuka jipya unalipiga mara moja tu hewani, likitua unaingia kwenye pembe: unanyanyua godoro kwa goti, mkono mmoja unaingiza, mwingine unavuta, pembe inatoka kama bahasha. Halafu bafu, na kioo cha bafu unakimaliza kwa taulo la mgeni aliyeondoka kabla hujalitupa kwenye mfuko. Mwezi wa kwanza mgongo ulikuwa hauniambii habari nzuri.

Mkataba ulisema nalipwa kwa saa. Mezani ikawa kwa vyumba: ukipangiwa vyumba kumi wanaandika saa walizozikadiria wao, hata kama umetoka saa moja baadaye. Wenyeji waliokuwa pale walikuwa wameshazoea. Mimi nilikuwa na daftari. Kila siku naandika saa ya kuingia, saa ya kutoka, na namba za vyumba. Kima cha chini cha Ujerumani ni cha saa uliyofanya kazi, haijalishi umemaliza vyumba vingapi. Nikapelekwa na rafiki kwenye huduma ya ushauri inayoitwa Faire Integration, ipo majimbo yote, bure, kwa ajili ya wageni wanaotoka nje ya Ulaya. Yule mama aliyenihudumia alisoma daftari langu kurasa zote bila kusema kitu, akaniandikia barua ya Kijerumani cha kisheria, nikaipeleka. Wakalipa pungufu la miezi miwili. Hawakunipangia zamu nyingi tena baada ya hapo, wala sikushangaa. Lakini hati zangu za mshahara zilikuwa sahihi, na hizo ndizo nilizokuwa nazitaka.

Kazi nzuri ilikuja nilipokuwa sitafuti. Tulikuwa na vipindi vya maabara ya udongo. Udongo wa Göttingen ni wa vumbi laini lililoletwa na upepo zama za kale, ukikauka unagandana mabonge magumu, na unatakiwa upite kwenye chekecheke la milimita mbili kabla ya kupimwa. Wenzangu walikuwa wanaponda kwa nguvu. Mimi nilikuwa nauvunja kwa mchi wenye mpira, polepole, natoa mizizi kwa vidole, nasukuma kokoto pembeni bila kuzisaga, maana ukisaga jiwe umeharibu kipimo. Fundi wa maabara, mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, alisimama nyuma yangu muda mrefu. Akauliza nimejifunzia wapi.

Naliendele, nikamwambia. Pale kwenye kituo cha utafiti, kilomita chache tu kutoka mjini kwetu, nilipokwenda kwa mafunzo ya vitendo nikiwa mwanafunzi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro. Ikabidi nichore ramani nyuma ya karatasi ya sampuli: huu ni Mto Ruvuma, hii ni Msumbiji, hapa Mtwara. Nikamweleza habari ya ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mikorosho, salfa tunayopuliza kuuzuia, na jinsi salfa hiyo inavyoongeza tindikali kwenye udongo wetu wa kichanga mwaka hadi mwaka. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kijijini kwake. Wiki iliyofuata akaniambia profesa anatafuta mwanafunzi msaidizi wa maabara.

Uzuri wa kazi hiyo si mshahara, ulikuwa juu kidogo tu ya ule wa hotelini. Ni kwamba kazi ya mwanafunzi msaidizi chuoni haihesabiwi kwenye zile siku 140. Siku zangu zikabaki nzima kwa ajili ya likizo. Kuanzia katikati ya Februari mpaka Aprili hakuna mihadhara, na kuanzia mwishoni mwa Julai mpaka Oktoba hakuna tena. Hapo ndipo unafanya siku kamili. Novemba na Desemba maghala ya vifurushi yanatafuta watu usiku na mchana kwa ajili ya Krismasi. Nilifanya mwaka mmoja. Nikiwa napanga maboksi kabla hakujapambazuka, huku Tandahimba watu wanaanika korosho na mjomba ananitumia picha ya gunia kwenye mizani, nikimwonea wivu kwa jua.

Kuhusu fedha za kutuma nyumbani nitasema kwa kifupi kwa sababu ndugu zangu wanasoma. Mjomba hakuniomba hata senti. Waliobaki wanajijua. Mwaka wa kwanza niliwajibu wote jibu moja, kwamba sina mpaka kibali kipite, na nikanuniwa na watu ambao siku ya kikao hawakutoa hata nauli. Ilipofika siku ya ofisi ya wageni nilikuwa na mkataba wa chuo, hati za mshahara za miezi mitatu, na salio lililokaa palepale bila kuguswa. Yule kijana wa dirishani alipitisha kalamu kwenye tarakimu, akajumlisha kwa kikokotoo, akagonga mhuri. Muda wote huo sikupumua vizuri.

Baada ya kumaliza masomo, sheria inakupa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yako, na ndani ya muda huo unaruhusiwa kibarua chochote cha kujikimu. Mwenzangu wa Moshi aliitumia, akawa mhudumu wa mgahawa huku akituma maombi, akapata kwenye kampuni ya mbegu. Alikuwa na Kijerumani cha ngazi ya kati. Wale wa Kiingereza kitupu waliitwa kwenye usaili wachache mno. Mimi nilirudi kwa sababu kazi niliyokuwa naitaka ni ya udongo huu wa hapa, si kwa kushindwa, ingawa pale kituo cha mabasi kuna jamaa anauza maji ameshanitungia hadithi yake.

Kijana wa yule mzee wa Newala amenitumia ujumbe juzi. Anataka muhula wa Oktoba, kozi ya mazingira, na anauliza aanze na nini. Nimemwambia aanze na mambo mawili kwa pamoja: aandike ubalozini kuulizia foleni ya miadi ya viza, maana huwa ndefu kuliko unavyodhani, na atafute ndugu wa kumpokea Dar ili asome Kijerumani. Ameniambia anaye kaka yake Kongowe. Kongowe ni mbali na Upanga, lakini daladala zipo.